Bi Ofir Anastaafu, na Aliyeificha Fomu Yake Ndiye Anayemwandikia

Ijumaa tarehe 30 Juni 2023, saa kumi jioni, Bi Ofir Giraldo, mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika wodi ya saratani za wanawake, atavua koti lake jeupe baada ya kuitumikia Hospitali ya Santa Ludivina, hapa Manizales, kwa miaka thelathini na mmoja na miezi kumi na mmoja. Kadi ya mwaliko imeandika miaka thelathini na miwili. Si kweli. Mimi ndiye karani wa masijala, faili lake liko mezani kwangu, na alianza kazi tarehe mosi Agosti 1991. Mwezi mmoja umepungua, na mimi nilijitahidi sana aumalizie hapahapa, kwa njia ambayo nitaieleza huko mbele kwa aibu inayostahili.

Kamati ya sherehe ndiyo iliyonipa kazi ya kuandika wasifu huu. Kamati imekosea. Katika hospitali nzima hakuna aliyemdharau Bi Ofir kwa muda mrefu kuliko mimi, Luz Dary Cardona, na hakuna aliyemsumbua zaidi baada ya kuacha kumdharau. Lakini walisema mimi ndiye mwenye tarehe zote. Haya, tarehe ninazo.

Miaka kumi na mitatu ya kwanza Bi Ofir alikuwa wodi ya mifupa, akiwasimamisha wachuma kahawa walioteleza kwenye miteremko ya mashamba yetu. Ni kazi ya kelele: mgonjwa anapiga mayowe, mtaalamu anapiga mayowe zaidi, mguu unakunjika. Mwaka 2004 alihamishiwa kwa wanawake wa saratani, na huko akakuta kimya. Alikuta akina mama waliomaliza matibabu, majibu safi, madaktari wamewapongeza na kuwaaga, na miezi mitatu baadaye hawawezi kuinua sufuria ya maharage. Wanaulizwa wanaumwa wapi, wanajibu hawaumwi popote. Wamechoka tu. Wakiambiwa wapumzike, wanapumzika, na wanazidi kuchoka.

Alisoma, akaandikiana na wenzake wa miji mingine, na mwaka 2006 akaleta barua kwangu, maana siku hizo mimi pia ndiye niliyegawa vyumba. Aliomba chumba kimoja, kila Alhamisi saa nane mchana, viti kumi na viwili, "kwa ajili ya kutembea polepole na kupumua". Nilicheka mpaka kahawa ikanitokea puani. Niliwasomea wenzangu kwa sauti. "Kupumua, jamani! Kwani nyumbani kwao hawapumui?"

Nikampa chumba cha mwisho cha ghorofa ya chini, kile kilichojaa viti vya magurudumu vilivyovunjika. Nilimpa mwezi mmoja, atakata tamaa mwenyewe. Bi Ofir akashukuru, akachukua ufunguo. Alhamisi ya kwanza aliwaambia wanawake wake wavisukume vile viti upande mmoja, polepole, mmoja mmoja, kisha wavirudishe mwisho wa somo. Hayo yakawa mazoezi ya kupasha mwili. Waliyafanya kwa miaka kumi, na mimi miaka yote hiyo nilidhani nimemkomesha.

Nilizoea kupita mlangoni kuchungulia. Wanawake kumi na wawili wameketi, macho wamefumba, mkono mmoja juu ya tumbo, hakuna anayesema neno. Nikawapachika jina: Klabu ya Wanaolala Wima. Jina likaenea mpaka jikoni. Lilipomfikia Bi Ofir, aliliandika kwa kalamu nene kwenye karatasi na kulibandika mlangoni. Lipo mpaka leo.

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Mimi mguu wangu ulibaki salama. Mwaka 2016, nikiwa na miaka arobaini na minane, nilianza kutokwa na damu wakati ambao damu ilikuwa imeshaniaga. Nikaambiwa ni saratani ya mji wa mimba, imewahiwa. Tarehe 7 Machi nikatolewa kizazi, na kuanzia Mei nikapigwa mionzi siku ishirini na tano. Matibabu yalikwenda vizuri. Kilichonishinda ni mama yangu.

Mama Oliva alinichukua nyumbani kwake siku niliyotoka wodini, akanilaza, akafunga dirisha, akanitia pamba masikioni, akanifunga kitambaa tumboni na kutangaza kwamba naanza arobaini. Nilimwambia, "Mama, arobaini ni ya mzazi. Mimi sijazaa." Akanitazama kama anavyomtazama muuza ndizi mbovu. "Kizazi kimetoka, hakikutoka? Mlango umefunguliwa. Ubaridi hauulizi kimetoka nini, unaingia tu."

Basi nikawekwa arobaini. Sioshi nywele, sishiki ufagio, siendi uani, sinywi kitu cha baridi. Asubuhi supu ya kuku, mchana supu ya kuku, jioni maji moto ya sukari guru na kipande cha jibini ndani. Kaka zangu wakaleta kuku kutoka shambani, kwa maana mzazi wa kwetu huandaliwa kuku arobaini, mmoja kwa siku. Jirani aliposikia kuku wanavyolia alipiga hodi na zawadi, akauliza ni wa kike au wa kiume. Mama akajibu, "Ni kizazi." Tulicheka wote watatu. Alipoondoka niligeukia ukutani nikalia, kwa sababu sikuwahi kupata mtoto, na sasa hata ile supu yake nilikuwa nainywa bila yeye.

Mionzi ilipokwisha mwezi Juni, mama akaanzisha arobaini ya pili, akiihesabu tangu siku ya mwisho ya ile mashine. Na mimi sikubisha tena, maana hapo ndipo uchovu uliponikamata. Uchovu wa kazi nimeuzoea, ukilala unaisha. Huu nililala nao, na nilipoamka nikaukuta umeshakaa kitandani unanisubiri. Nilichoka kuchana nywele. Nilichoka kusikiliza redio. Siku moja nilichoka katikati ya kutafuna, nikaiacha nyama mdomoni nikapumzika. Daktari akasema nipumzike zaidi, mama akasema si unaona, na mimi, mwanamke niliyezoea kubishana na mkurugenzi wa hospitali, nikasema sawa.

Tatizo lilikuwa kalenda. Likizo ya ugonjwa kwetu ni siku mia moja na themanini. Zikiisha, jopo la madaktari linakuita, linakupima, na likiona huwezi kazi unarudishwa nyumbani moja kwa moja. Siku yangu ya mia na themanini ilikuwa tarehe 2 Septemba. Mimi sina mume, sina mtoto. Nina masijala. Najua faili la kila mtu aliyezaliwa au kufia katika hospitali ile tangu mwaka 1948, na hicho ndicho kitu pekee duniani ambacho watu huja kuniuliza mimi. Nikikosa masijala, ningebaki nikiwatazama kuku wa mama mpaka mmoja wetu afe.

Jumanne tarehe 12 Julai, siku ya mia na ishirini na nane, Bi Ofir alibisha mlangoni kwa mama. Hakutumwa na mtu. Alikuwa ameona jina langu kwenye orodha ya waliomaliza mionzi na hajaniona Alhamisi hata moja. Naapa kwamba niliposikia sauti yake nilijifunika shuka mpaka kichwani. Mwanamke niliyempa chumba cha viti vibovu amekuja kunikuta na pamba masikioni.

Nilitegemea atagombana na mama. Nilitegemea atasema hizo ni imani za kizamani, na mama angemtoa nje na viatu vyake vya matope, na mimi ningeendelea kulala kwa amani. Badala yake aliomba kiti jikoni, akapokea bakuli la supu, akalisifia giligilani yake, kisha akauliza kwa upole, "Mama Oliva, wewe umezaa wangapi?"

"Saba. Wote wako hai."

"Hongera. Na arobaini zako zote saba ulilala hivi?"

"Nani, mimi?" Mama aliweka mwiko chini. "Nani angewalisha watu wa shambani? Siku ya tano nilikuwa nasaga mahindi ya mikate ya arepa!"

Akautazama ule mwiko. Hata kuku wa uani, kama wangekuwa na adabu, wangenyamaza. Mama alikuwa amejisikia mwenyewe.

"Basi na huyu," Bi Ofir akasema, akimalizia supu yake, "mwache asage kidogo."

Ndivyo nilivyoanza. Sikuanza na mkeka wala mashine za mazoezi. Nilianza na kinu cha chuma cha kusagia mahindi, kilichofungwa kwenye ukingo wa meza ya mama tangu kabla sijazaliwa. Bi Ofir alinitoa kitandani, hatua kumi na nne mpaka jikoni, nikakaa. Akaniuliza, ninadhani naweza kuzungusha mpini mara ngapi bila kuishiwa. Kwa kiburi changu nikasema kumi na mbili. Akasema, "Vizuri. Zungusha sita."

Hiyo ndiyo kanuni yake, na wote waliopita mikononi mwake wanaijua: nusu ya unachodhani unaweza. Siku nzuri, nusu. Siku mbaya, nusu ya kile kidogo, lakini isiwe sifuri. Simama ukiwa bado una nguvu ya kuendelea, ili kesho uikute. Na wakati unazungusha, akili yako iwe hapohapo: kiganja kwenye mpini, harufu ya mahindi yaliyochemshwa, nyayo sakafuni, pumzi inaingia, pumzi inatoka. Akili ikikimbia, usiigombeze, irudishe.

Yangu ilikimbia kabla ya mzunguko wa pili. Ilikwenda kwenye jopo, ikarudi, ikaenda kwenye faili za mwaka 1987 ambazo nilishuku kijana wa zamu alikuwa anazichanganya, ikaenda kwa jirani yangu ambaye hajarudisha ungo. "Iko wapi sasa?" Bi Ofir akauliza. "Kwenye ungo," nikasema. "Iambie umeisikia. Rudi kwenye kiganja."

Mama Oliva, aliyekuwa mlinzi wa kulala kwangu, akageuka msimamizi wa nusu. Hakuna kaimu mkurugenzi aliyewahi kunisimamia vile. "Nane hizo! Mwalimu kasema sita! Unataka kujiua?" Wiki ya pili sita zikawa nane, na hatua kumi na nne zikawa mpaka uani. Wiki ya tatu pamba ikatoka masikioni. Mama aliitoa mwenyewe, akidai ilikuwa imekaa muda wake.

Wiki ya nne nilijiona nimepona. Niliamka Jumapili moja, jua limewaka, ukungu umeondoka kwenye mlima, mwili mwepesi. Nikasema nusu ni ya wagonjwa. Nikapanda mpaka mtaa wa Chipre, kilima chote, bila kupumzika, nikanunua kaki, biskuti nyembamba zilizopakwa karameli, nikala mbili nikiangalia mabonde chini kama malkia, na nikarudi kwa miguu. Jumatatu sikuweza kuinua kijiko. Jumanne vilevile. Jumatano mama akaanza kuitazama pamba.

Bi Ofir alikuja Jumatano hiyo, akanikuta nimelala na aibu yangu. Nilimwambia nimeharibu kila kitu, ningoje jopo linitupe nje. Hakunifariji hata kidogo. Aliuliza, "Kaki zilikuwa tamu?" Nikasema sijui, nilikuwa nawaza namna nitakavyowasimulia watu kwamba nimepanda Chipre. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Dary, umepanda kilima chote na hukuwepo. Kesho njoo Alhamisi."

Nikaenda Alhamisi. Nilipita chini ya lile jina mlangoni, jina langu mwenyewe nililolitunga, nikasukuma kiti cha magurudumu kilichovunjika nilichokiweka mimi mwenyewe, nikaketi, nikafumba macho, nikaweka mkono tumboni. Dakika ya tatu nilikuwa nakoroma. Nimeambiwa nilikoroma kwa nguvu hata wenzangu wakaitumia sauti yangu kuhesabu pumzi zao. Nohemí, mchuma kahawa kutoka Neira aliyetibiwa saratani ya shingo ya kizazi, ndiye aliyenigusa bega. "Amka, bosi. Hapa tunalala wima, wewe umeshalala chali."

Tarehe 2 Septemba niliamua kwenda kwa jopo kwa miguu yangu. Wote mnaijua ngazi yetu, vidato mia moja na kumi na vinne toka barabarani hadi lango kuu. Nilivigawa. Vidato kumi, nakaa ukutani, napumua, natazama nyasi zilizoota kwenye ufa. Vidato kumi tena. Akili ilikimbia mara nyingi sana kwenda kwa jopo kunitangulia, nami niliirudisha kwenye nyayo kila mara. Wazee walinipita. Padri alinipita. Mwanamke mwenye kapu la maparachichi kichwani alinipita akishuka, akanipita tena akipanda. Nilifika juu nimechelewa dakika arobaini, jasho linatiririka, nikawaomba radhi madaktari watatu na kueleza kuhusu ngazi.

Wakatazamana. Yule wa katikati akauliza kwa nini sikutumia lango la chini, ambako gari linafika mpaka mlangoni, kama ilivyoelezwa kwenye barua ya wito. Barua ile, jamani, niliiandika mimi. Kila mgonjwa anayeitwa na jopo hupata barua niliyoipiga chapa mimi mwaka 2009, na mstari wa tatu unasema tumia lango la chini. Nilikuwa nimewatumia watu mamia, na yangu sikuisoma.

"Umepanda zote?" akauliza.

"Zote. Kwa mapumziko kumi na moja."

Wakaandika kitu. Nilirudi masijala tarehe 12 Septemba, nusu siku, na faili za mwaka 1987 nilizikuta zimechanganywa kweli.

Msomaji ataniambia huu ni wasifu wa Bi Ofir na mimi nimejaza ukurasa kwa habari zangu. Ni kweli, ndiyo tabia yangu. Basi haya ndiyo yake, kutoka kwenye daftari: wanawake mia sita na arobaini na wanane wamepita katika chumba kile tangu mwaka 2006. Hospitali nne za mkoa zimetuma watu wao kuja kujifunza. Wauguzi wetu sasa humweleza kila mgonjwa kuhusu uchovu kabla haujafika, ili ukifika asidhani saratani imerudi au yeye ni mvivu. Mwaka 2017 chumba kilihamishiwa ghorofa ya pili, chenye madirisha. Nilikitoa mimi, na nilikitoa bila kuombwa, miaka kumi na mmoja baadaye kuliko nilivyopaswa.

Na kuna jambo jingine ambalo Bi Ofir angependa liandikwe. Hakuwahi kusema mazoezi haya yanaponya saratani, na aliyesema hivyo mbele yake alisahihishwa papo hapo. Ugonjwa wa Nohemí ulirudi mwaka 2019. Alipoishiwa nguvu ya kutembea, aliomba aendelee kuja Alhamisi, akaja akisukumwa kwenye kiti. Zoezi lake likawa kufungua na kufunga kiganja, nusu ya anachoweza, akipumua. Bi Ofir alimsimamia kwa umakini uleule aliowapa waliokuwa wakipanda ngazi, akimhesabia vidole. Tulimzika Nohemí kwao Neira mwezi Agosti. Nilimpenda sana yule mwanamke. Aliniita bosi mpaka siku ya mwisho, na mimi sikuwa bosi wa mtu yeyote.

Sasa nifike kwenye fomu. Januari mwaka huu Bi Ofir aliwasilisha masijala fomu yake ya kustaafu, ili niipeleke ofisi ya utumishi. Sikuipeleka. Niliitia kwenye kabati la vifo vya kabla ya mwaka 1970, ambalo hakuna anayelifungua ila mimi na panya mmoja. Utumishi wakaulizia. Nikasema naitafuta. Niliitafuta wiki sita.

Siku moja mwezi Machi akaja mwenyewe, akafunga mlango, akakaa.

"Dary, fomu yangu iko wapi?"

"Fomu gani?"

"Ile uliyoificha."

Nikajifanya napanga kalamu.

"Unaogopa nini?"

Nina miaka hamsini na mitano, nimewahi kubishana na wakurugenzi sita, lakini nilimjibu kama mtoto. Nilimwambia uchovu wangu haujaisha wote. Kuna asubuhi bado unanikuta kitandani, na kinachonitoa ni kujua kwamba Alhamisi yeye yupo. Nilimwambia, "Ukiondoka wewe, mimi nitarudi kulala. Najijua."

Kisha akasema, "Lete daftari la chumba la mwaka jana."

Daftari la chumba huwekwa sahihi na anayeongoza somo kila Alhamisi. Ninalitunza mimi. Nililifungua kwa hasira, nikijua nitakachokiona, maana mwaka mzima nilikuwa namlalamikia kimoyomoyo. Mwaka jana Bi Ofir alizidiwa na udhuru. Mara goti, mara daktari wa meno, mara dada yake amekuja kutoka Pereira, mara barabara imeporomoka kwa mvua. Kila mara simu ileile: "Dary, wafungulie mlango, anza nao, nakuja." Nafungua, naanza nao, na haji. Nilikuwa nimeshajiandaa kumwambia kwa heshima kwamba uzee umemfanya mzembe.

"Hesabu," akasema.

Nikahesabu. Alhamisi arobaini na sita. Sahihi zake kumi na moja. Zangu thelathini na tano. Nilihesabu tena, maana mimi ni karani.

"Goti lako je?" nikauliza.

"Goti langu lina nini? Halijawahi kuniuma."

"Na dada yako wa Pereira?"

"Sina dada Pereira." Akainamia meza. "Alhamisi hizo thelathini na tano, nani alikutoa kitandani?"

Karani wa kumbukumbu, jamani. Nakumbuka aliyefariki mwaka 1953 alikuwa wodi ipi, na sikukumbuka kwamba nimefundisha mwaka mzima. Nikaenda kwenye kabati, nikaitoa fomu, nikaipangusa, nikaigonga muhuri. Sikuitazama nikigonga, na muhuri ukaenda upande. Utumishi wakiuliza kwa nini muhuri uko upande, sasa wanajua.

Sifundishi vizuri. Nachanganya kushoto na kulia, na wanawake wananisahihisha kwa furaha kubwa kuliko inavyofaa. Bi Ofir ameomba uongozi uniache niendelee na Alhamisi kama msaidizi wa mtaalamu mpya atakayeajiriwa, na uongozi umekubali. Mtaalamu huyo bado hajapatikana. Wiki mbili zilizopita, saa nane kasorobo, mwanamke mmoja kutoka Villamaría alisimama mlangoni ameshika ukuta. Anaitwa Yurany, ana miaka thelathini na minne, amemaliza mionzi mwezi uliopita. Alisoma lile jina, hakucheka.

"Samahani," akasema, "mwalimu hapa ni nani?"

Niligeuka nyuma kumtafuta Bi Ofir. Nyuma yangu kulikuwa na dirisha tu, na nje ya dirisha mvua.

"Ni mimi," nikasema, sauti ikanitoka kama ya jogoo anayejifunza kuwika. "Kaa kwanza. Umechoka?"

"Nimechoka sana, dada. Hakuna anayeniamini."

"Mimi nakuamini," nikamwambia, na nikaketi kando yake, kwa sababu hata mimi siku hiyo nilikuwa nimechoka.

Bi Ofir, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Santa Ludivina, kwa niaba ya wanawake mia sita na arobaini na wanane, na kwa niaba ya mama yangu ambaye ameagiza iandikwe kwamba sufuria yako ya supu iko motoni siku yoyote, asante. Tunakuombea siha njema, usingizi unaopumzisha, bustani isiyo na magugu, na masikio yasiyosikia tena jina la hospitali hii. Alhamisi usije. Ukitukumbuka, kaa nyumbani kwako, kule juu kabisa mwisho wa barabara ya mlimani, uweke maji jikoni na utusubiri. Tumeshaipima njia. Tutapumzika mara tisa, na tutafika kwa miguu yetu.